Siku moja ya kupumzika Matema kwa anayeishi ndani ya gari

Simama kando ya barabara kuu pale Ilomba, jijini Mbeya, asubuhi yoyote, uangalie malori yanayopita. Nyuma ya kiti cha dereva utaona pazia, na nyuma ya pazia kuna godoro jembamba, begi la nguo, ndoo na jiko dogo la gesi. Hiyo ni nyumba. Dereva aliyepakia mzigo bandarini Dar es Salaam kwenda Lusaka au Lubumbashi anaweza kulala humo wiki kadhaa, hasa foleni ya Tunduma inaporefuka. Mara chache hupita pia magari ya wageni wanaozunguka Afrika, yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani. Huku kwetu watoto huyaita nyumba zenye magurudumu, na hawajakosea.

Wote hao huwa na swali moja wanapopata siku ya bure Mbeya: tunaweza kwenda wapi tukakaa kando ya maji, tukanyoosha mgongo, tukarudi usiku? Swali hilo hutufikia pia kutoka kwa wasikilizaji wa vijijini wanaokodi Coaster siku ya sikukuu kwenda ziwani. Katika makala haya tunaeleza safari hiyo ya siku moja: njia, maji, chakula, na mambo yanayoweza kukugeuzia mapumziko kuwa msiba.

Tukubaliane kwanza kuhusu neno pwani. Kutoka Ilomba hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 800, na huwezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Pwani yetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni Ziwa Nyasa, na ufukwe wake unaojulikana zaidi upande huu ni Matema, wilayani Kyela. Kutoka Ilomba ni kilometa 150 hivi.

Ziwa lenyewe

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Urefu wake unazidi kilometa 550, na mahali penye kina kirefu hufikia karibu meta 700. Tunalitumia pamoja na Malawi na Msumbiji. Malawi huliita Ziwa Malawi, na suala la mpaka ndani ya maji halijaisha, lakini anayekwenda kuoga Matema halimgusi.

Matema iko kwenye kona ya kaskazini-mashariki. Upande wa magharibi ni tambarare ya Kyela yenye mpunga, kakao na michikichi. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta, na miguu yake imo majini. Umbo hilo lina maana kwa mtu anayetaka kuoga. Mbele ya kijiji kuna mchanga na kina huongezeka taratibu, lakini ukielekea mashariki, kupita Lyulilo kuelekea Ikombe, mlima unaendelea kushuka chini ya maji na kina kirefu kinaanza karibu sana na nchi kavu. Asiyejua kuogelea asiingie upande huo hata kama maji yametulia na mawe ya chini yanaonekana. Maji safi yanadanganya macho: kina halisi ni kirefu kuliko kinavyoonekana.

Njia ya kwenda

Kutoka Ilomba unapita Sae hadi Uyole, kisha unakata kulia kuingia barabara ya Tukuyu. Hapo unaanza kupanda. Jiji la Mbeya liko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pale Isyonje unavuka meta 2,200. Kisha barabara inateremka Kiwira, inapita Katumba penye chai, inafika Tukuyu, na kutoka hapo inaporomoka hadi tambarare ya Kyela ambayo ina meta 500 hivi tu. Kabla ya kufika mjini Kyela, pale Kikusya, unaacha barabara inayoelekea mpaka wa Kasumulu na kushika njia ya Ipinda hadi Matema. Kipande hicho cha mwisho, kilometa 39 hivi, zamani kilikuwa tope la kutisha wakati wa masika. Sasa ni lami.

Ukitazama tarakimu hizo utaona kwamba gari linashuka karibu meta 1,700 kwa nusu siku. Ndiyo sababu tunasema sehemu ya hatari zaidi ya safari hii ni barabara, na mamba wanafuata nyuma.

Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto linazidi uwezo wa vyuma na vitambaa vya breki, nguvu ya kushika inapungua, na kanyagio linaanza kwenda chini bila gari kutii. Dereva wa mara ya kwanza husubiri harufu ya kuungua ndipo ashtuke. Wakati huo umeshachelewa. Dawa yake inajulikana na kila dereva mkongwe wa njia ya Malawi: ingia mteremkoni ukiwa tayari kwenye gia ndogo, ile ile ambayo ungetumia kupanda mlima huo, uiache injini ishike gari, na breki uiguse kwa vipindi. Usiweke nyutro ili kuokoa mafuta. Mafuta utakayookoa kutoka Tukuyu hadi Kikusya hayatoshi kununua hata soda.

Magari-nyumba ya wageni yana tatizo lake. Mengi yamejengwa juu ya gari dogo, kisha yakaongezewa kitanda, friji, matairi ya akiba na tangi la maji la lita mia na zaidi. Yanakuwa mazito kuliko breki zake zilivyokusudiwa. Kama una gari la namna hiyo, pitisha Tukuyu kama kituo cha lazima: simama, kunywa chai, tembea hatua chache, na usogeze mkono karibu na gurudumu bila kuligusa. Ukisikia joto kali, ongeza kikombe cha pili.

Na lori lenye tela je? Ushauri wetu ni mfupi: liache Mbeya kwenye maegesho yenye mlinzi, utingo abaki na mzigo au mpeane zamu, nawe panda basi dogo. Coaster za Tukuyu na Kyela huondoka stendi ya Nane Nane, upande wa Uyole, kwa hiyo kwa mtu aliyelala Ilomba ni mwendo mfupi wa daladala. Dereva anayependa kuendesha gari lake mwenyewe atauliza kuna faida gani kukaa kiti cha abiria. Faida ni kwamba unalala. Mtu ambaye amekaa nyuma ya usukani siku tano mfululizo hapumziki kwa kuendesha siku ya sita, hata kama mwisho wa safari kuna mchanga. Wale wanaopeleka mzigo Malawi wao wanapita Kikusya kwa lazima. Kama foleni ya Kasumulu imewakwamisha, wako karibu na Matema kuliko wanavyodhani, na kuna Noah na bodaboda za kuwafikisha.

Ukungu ni jambo jingine. Isyonje hufunikwa na ukungu mzito, mara nyingi alfajiri na tena jioni, hata katika miezi isiyo na mvua. Washa taa za chini, si za juu, kwa sababu mwanga wa juu hurudishwa na ukungu machoni pako. Na usisimame barabarani kununua viazi. Tunalisema hili tukijua kwamba viazi vya Isyonje ni vizuri na wauzaji ni majirani zetu, lakini gari lililosimama nusu kwenye lami ndani ya ukungu limeshaua watu katika barabara nyingi za nchi hii. Toka nje ya lami kabisa, au nunua Kiwira.

Ukiondoka Ilomba saa 12 asubuhi, na ukasimama Tukuyu, utakuwa Matema saa nne hivi. Kwa basi ongeza saa moja na zaidi, kwa sababu utabadilisha gari na kusubiri lijae.

Ufukoni

Utashuka garini ukiwa bado umevaa sweta la Mbeya, na dakika ya kwanza utalivua. Joto la Kyela ni la pwani kweli. Kuna nyumba za wageni za kanisa na za watu binafsi zilizojipanga karibu na mchanga, na nyingi hupokea mtu wa siku moja anayetaka kivuli, choo na mahali pa kuegesha kwa malipo kidogo. Lipa. Gari lililoegeshwa ndani ya uzio halitakusumbua moyo ukiwa majini, na choo, kama tutakavyoeleza, ni sehemu muhimu ya safari kuliko inavyosikika.

Ukikuta wazee, salimia kabla ya kuuliza chochote. Hawa ni Wanyakyusa, na neno ugonile la asubuhi, hata likitoka vibaya mdomoni, hufungua mlango. Kushukuru ni ndaga.

Jumamosi ndiyo siku ya kwenda kama unaweza kuchagua. Siku hiyo kuna mnada wa vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema kuelekea milimani. Vyungu huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe na akina mama wa Kikisi, ambao huvifinyanga kwa mikono bila gurudumu, huvilainisha kwa jiwe, huvichora, na huvichoma mahali pa wazi. Vyungu unavyoviona vimepangwa kando ya barabara Tukuyu, hata masokoni Mbeya, vingi vimetoka huko, na bei imepanda kila kilometa. Wengi hununua kikubwa kwa tamaa kisha kinapasuka Kiwira. Chukua kidogo, kigonge kwa kidole usikie kama kinalia vizuri, kijaze majani makavu ya mgomba ndani na ukifunge nje, halafu kiweke sakafuni mwa gari, si juu ya kitanda.

Chakula cha hapa ni wali wa Kyela na samaki. Dagaa wa Nyasa wapo karibu mwaka mzima. Samaki anayesifiwa zaidi ni mbasa, mrefu, mweupe, mwenye miiba mingi na mafuta matamu. Mbasa huishi ziwani lakini wakati wa mvua hupanda mito kwenda kutaga, na hapo ndipo hutegewa nyavu kwenye midomo ya mito, mayai yakiwa bado tumboni. Ndiyo sababu wavuvi wazee husema amepungua. Ukiletewa mbasa mwenye mayai msimu wa masika, una haki ya kukataa na kuomba perege.

Kuna siku utaona kitu kama moshi mweusi kimesimama juu ya maji, mbali. Si moto. Ni mainzi wadogo wa ziwa, mamilioni, waliotoka majini kwa pamoja. Upepo ukiwaleta ufukoni funga madirisha ya gari haraka, kwa maana wataingia hadi kwenye sukari. Hawaumi. Watu wa kando ya ziwa huwakusanya na kuwaliwa kama mikate meusi iitwayo kungu, na waliozoea husema ni tamu.

Kuoga: kichocho, mamba na mawimbi

Hapa tunaomba usome polepole.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Ni minyoo midogo inayoishi kwenye mishipa ya damu ya mtu, hasa kuzunguka kibofu na matumbo. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa, vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo wa majini, huzaliana humo, kisha hutoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Wadudu hao hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa ile ile ambayo wewe umefika na unatamani kuingia majini.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na makazi ya watu, kwenye vidimbwi na mahali mitumbwi inapofungwa. Mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una konokono wachache zaidi. Kwa hiyo mahali pa kuoga huchaguliwi na uzuri wa kivuli. Kaa mbali na matete, mbali na mahali wanapofulia, na usikae majini saa nzima. Hata hivyo wachache si sifuri, na kujifuta kwa taulo haraka hakutoshi kukuhakikishia usalama. Anayeoga Nyasa achukulie kwamba atapima baadaye.

Wenye gari-nyumba hupenda kujaza tangi kwa maji ya ziwa. Vijidudu vya kichocho vikikosa mtu hufa ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo maji yaliyokaa kwenye tangi siku mbili, bila konokono ndani, hayatakuambukiza kichocho ukiyaoga. Bado hayafai kunywa bila kuchemsha, kwa sababu magonjwa ya kuhara hayafuati kalenda hiyo.

Mamba na viboko hawako mbele ya kijiji kila siku, lakini wapo. Mahali pao ni kwenye mito, hasa mdomo wa mto Lufilio upande wa magharibi wa Matema. Ukitembea ufukoni kuelekea huko, geuka kabla ya kuufikia. Usiingie majini alfajiri, jioni wala baada ya mvua kubwa, maji yanapokuwa rangi ya udongo. Na usimwulize mtalii mwenzako kama ni salama leo. Mwulize mvuvi au mama anayechota maji, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani alionekana jana.

Mawimbi yanategemea upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki, ambao ng'ambo ya Malawi huitwa mwera. Ziwa ni refu na Matema iko mwishoni mwa kaskazini, kwa hiyo wimbi linalofika hapa limesukumwa mamia ya kilometa bila kizuizi. Asubuhi ziwa linaweza kuwa kama kioo, na saa nane mchana likawa linatupa mitumbwi. Ukitaka kwenda Ikombe kwa boti, nenda asubuhi, rudi kabla ya adhuhuri, vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama nahodha anacheka, na kama jaketi hazitoshi watu wote, usipande. Njia ya miguu ipo, ni ndefu kidogo, na mandhari yake ni yale yale.

Maji machafu ya gari

Tuliahidi kurudi kwenye choo. Ukiuelewa mzunguko wa kichocho, utaona kwamba dereva anayekojoa ziwani na mgeni anayefungulia tangi la choo la gari lake kwenye kijito wote wanamrudishia konokono chakula chake. Watoto wa Matema wataoga hapo kesho. Wao hawana siku moja ya mapumziko, wanaishi hapo.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Kuosha gari ndani ya ziwa, kubadilisha oili mchangani, kumwaga maji ya choo, vyote vinaangukia humo. Tangi la choo la gari limwagwe kwenye choo cha shimo chenye mwenyewe, kwa ruhusa yake. Gari lioshwe Mbeya. Tunajua furaha ya kuingiza magurudumu majini na kupiga picha, lakini oili inayodondoka chini ya gari haionekani kwenye picha.

Wasikilizaji wetu mnaoishi kando ya ziwa, nanyi mna nafasi hapa. Mtu mwenye uwanja wenye mwembe, choo safi na ndoo ya maji anaweza kuwapokea hawa wasafiri wa siku moja. Hawahitaji nyumba, wanayo tayari. Wanachokosa ni kivuli, choo, mlinzi na sahani ya wali. Bei itajwe kabla ya gari kuzimwa, na mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe kama wageni watalala.

Kama siku moja inageuka kuwa mbili

Hutokea. Mvua imepiga, au dereva amechoka na ni busara asirudi. Kulala ndani ya gari Kyela si sawa na kulala Ilomba. Kwetu juu tatizo ni baridi. Kule chini ni joto na mbu. Ukilala madirisha wazi bila chandarua utaumwa na mbu, na malaria ya Kyela haina mzaha kwa mtu wa milimani ambaye mwili wake haujaizoea. Chandarua kinaingia kwenye kabini: kifunge juu ya vishikio vya dari na ukikunje chini ya godoro.

Na hili la mkaa ni la Ilomba zaidi kuliko Matema, lakini hatuwezi kuliacha. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Usiingize jiko la mkaa ndani ya kabini ili kupata joto, hata dakika tano, hata kama makaa yamebaki mekundu tu bila moshi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu hahisi kukosa pumzi, anahisi usingizi. Kabini ni chumba kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba, na hujaa haraka. Jiko la gesi nalo ni la kupikia milango ikiwa wazi, kisha linafungwa kwenye mtungi kabla ya kulala. Blanketi la pili ni bei nafuu.

Kurudi

Ondoka Matema saa tisa alasiri, si saa 11. Ukiondoka saa tisa utapita Tukuyu saa 11 hivi na Isyonje kabla giza halijaingia na kabla ukungu haujashikana. Saa moja usiku utakuwa Ilomba. Kundi la Coaster ndilo hushindwa zaidi hapa, kwa sababu kila mtu ana rafiki mmoja ambaye hajatoka majini. Mpeni mtu mmoja filimbi na madaraka ya kuwaudhi wengine. Kama dereva wenu amekunywa bia mchana, hata moja, mjadala umeisha: lala Matema, au tafuteni dereva mwingine.

Ukipata jeraha au mtoto akinywa maji mengi, Matema kuna hospitali ya Kanisa la Kilutheri, na mjini Kyela kuna hospitali ya wilaya. Usimbebe mgonjwa hadi Mbeya ukizipita hizo mbili.

Kisha kuna hesabu ya baada ya safari. Homa ikikushika wiki ya pili, au hata baadaye, pima malaria kwanza, siku hiyo hiyo, na umwambie mganga kwamba ulikuwa Kyela. Dereva aliyefika Lusaka au Lubumbashi na hilo alitaje huko, maana mganga wa mbali hajui ulipita wapi. Homa ikija wiki ya nne hadi ya nane, pamoja na kuwashwa mwili au kikohozi, na malaria haionekani, taja neno kichocho. Na hata kama huumwi kabisa, subiri wiki nane tangu siku uliyooga, kwa sababu ukipima mapema minyoo haijakomaa na majibu yatakuwa hayana kitu. Kipimo ni cha mkojo na choo. Damu kwenye mkojo isisubiri wiki yoyote. Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa uzito wa mwili, mara nyingi kwa siku moja tu, na humezwa baada ya kula.

Wiki nane ni muda mrefu kwa mtu wa barabarani. Kwa hiyo ukifika Ilomba usiku huo, kabla ya kuvuta pazia la kabini, chukua simu uweke kengele ya tarehe hiyo, uandike neno moja: mkojo.